Skuta ya Manjonjo Ichaguliwe kwa Jinsi Inavyotua

Mzazi anayeingia dukani kutafuta skuta kwa mtoto anayetaka kuruka na kuzungusha ubao hewani huulizwa mambo mawili: anataka rangi gani, na ana kiasi gani mfukoni. Swali lenye maana kuliko yote mawili haliulizwi. Mtoto ana uzito gani, na atatua kutoka kimo gani? Hoja yangu ni kwamba skuta ya manjonjo inapaswa kuchaguliwa kuanzia pale inapogonga chini. Kupaa hakuharibu skuta yoyote, hata ile ya bei ya chini kabisa. Kinachoiharibu, na kumuumiza aliye juu yake, ni kutua. Sehemu zinazobeba kishindo hicho ni chache, zinaonekana kwa macho, na mtu ambaye hajawahi kupanda skuta maishani mwake anaweza kuzikagua akiwa bado dukani. Rangi, jina la kampuni na saini ya bingwa iliyochapwa ubavuni ni mambo ya baadaye sana.

Asili ya chombo hiki inaeleza vizuri kwa nini makosa hufanyika. Skuta ndogo ya alumini inayokunjika ilibuniwa na Wim Ouboter wa Uswisi, kwa ajili ya safari ambazo ni ndefu kidogo kwa miguu na fupi mno kwa kutoa gari. Mwaka 1999 ilivuma Japani, na mwaka 2000 ikaingia Marekani kwa jina la Razor, ikawa kila mtaa una watoto wanaoisukuma. Uzuri wake wote ulikuwa kwenye bawaba iliyoiwezesha kukunjwa na kubebwa kwenye treni, na kwenye usukani ulioweza kurefushwa na kufupishwa. Watoto hawakuwa na treni ya kuwahi. Waliipeleka kwenye viwanja vya skeitibodi wakaanza kuruka nayo, na hapo kila kilichoifanya ifae safarini kikageuka udhaifu. Bawaba ililegea, bomba la usukani likapinda pale linapoingiliana na jingine, magurudumu yenye kitovu cha plastiki yakapasuka. Vijana walijaribu kuzifunga bawaba hizo kwa bolti ili zisikunjike tena, kisha yakaja makampuni yaliyoanza upya kabisa: Madd Gear na Envy za Australia, Lucky na Tilt za Marekani, Ethic ya Ufaransa na nyinginezo. Hizi zilitengeneza ubao uliochomelewa moja kwa moja kwenye shingo na usukani wa kipande kimoja, pasipo sehemu yoyote ya kukunja. Leo mchezo huu uko chini ya World Skate, shirikisho lile lile la kimataifa linalosimamia skeitibodi. Lakini ukisimama mlangoni mwa duka, skuta ya safari na skuta ya manjonjo bado zinafanana, na mfanano huo ndio unaowaponza wanunuzi.

Hesabu ya kishindo si ngumu. Chukua mtoto wa kilo 40 anayeanguka kutoka kimo cha mita moja na kutua mahali tambarare. Anafika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 16 kwa saa. Akikunja magoti vizuri, mwili ukatulia ndani ya sentimita 25, nguvu ya wastani inayopita miguuni mwake na kushuka kwenye ubao ni mara tano ya uzito wake, yaani sawa na mzigo wa kilo 200. Akitua miguu ikiwa imekakamaa, mwili ukasimama ndani ya sentimita 10 tu, mzigo huo unapita kilo 400. Mteremko wa rampu hupunguza kishindo, ndiyo maana rampu zina mteremko. Lakini anayejifunza hukosea, na mara nyingi hutua pasipo mteremko, au hutua na gurudumu moja mbele ya jingine. Sasa linganisha na skuta ya kukunja ya Razor, ile modeli A iliyoanzisha yote haya, ambayo imewekewa kikomo cha mpandaji wa kilo 65. Kikomo hicho ni cha mtu anayesukuma kwenye lami. Si kosa la mtengenezaji mtoto akiipandisha kwenye rampu na kuruka nayo. Razor yenyewe imekuwa ikiuza modeli nyingine, zisizokunjika, kwa ajili ya kazi hiyo.

Ulaya imeiandika tofauti hii katika viwango vyake. Skuta za kuchezea, zinazokusudiwa watoto wasiozidi kilo 50, hupimwa kwa EN 71, kiwango cha vitu vya kuchezea. Zile zinazohesabiwa kuwa vifaa vya michezo hupimwa kwa EN 14619, kinachofika hadi mpandaji wa kilo 100. Namba hizo huchapwa kwenye boksi au kwenye kibandiko chini ya ubao, na kwa mzazi aliyeko Nairobi, Mwanza, Muscat au Birmingham, kibandiko hicho kina habari kuliko maneno yote ya muuzaji. Kiwango pekee hakithibitishi kwamba skuta itastahimili kila kuruka, na kuna skuta nzuri zisizo na namba hizo kwa sababu zimekusudiwa masoko mengine. Lakini boksi lisilotaja uzito wa mpandaji hata kidogo linakwambia kwamba aliyelichapisha hakutarajia kuulizwa. Ningelirudisha kwenye rafu.

Sisi si wageni wa wazo hili la kupima chombo kwa mzigo wake. Mjini Goma, mashariki mwa Kongo, mafundi seremala wamekuwa wakitengeneza chukudu, skuta kubwa ya mbao inayobeba viazi, makaa na mbao, mamia ya kilo kwa safari moja, hata ikasimamishiwa sanamu mjini humo, kwenye mzunguko wa barabara. Hakuna fundi wa chukudu anayeanza na rangi. Anaanza na mti upi utabeba, na pale shingo inapokutana na ubao huongeza unene, maana anajua mzigo wote unakuja kuegemea hapo. Skuta ya manjonjo ni ndogo, ya metali, na mzigo wake ni mtoto aliyetoka hewani, lakini shingo yake hubeba taabu ile ile.

Kwa hiyo ukaguzi uanzie shingoni. Ndani ya bomba la shingo mna beringi mbili zinazouruhusu usukani na foki kuzunguka, na kuna bolti inayozibana ili pasibaki nafasi ya kuchezacheza. Katika manjonjo ya kwanza ambayo kila mtoto hutaka kujifunza, ubao hurushwa kwa mguu, ukazunguka usukani duara zima na kurudi chini ya nyayo. Waingereza na Wamarekani waliyaita teiluwipi, na jina limebaki duniani kote. Beringi za shingo zikiwa zimebana mno, ubao haufiki. Zikilegea, ubao unafika ukiwa umeinama na kila kutua kunazidi kuzilegeza. Mzunguko huo wa ubao ndio sababu skuta hizi hazina breki ya mkononi: waya wake ungejisokota baada ya mzunguko mmoja. Breki ni bati la juu ya gurudumu la nyuma, linalokanyagwa kwa kisigino.

Jinsi beringi hizo zinavyobanwa ndiko kunakowachanganya wanunuzi, kwa sababu kila mfumo una jina la herufi tatu: IHC, HIC, ICS, SCS. Mnunuzi wa mara ya kwanza hana haja ya kuzikariri. Ajue tu kwamba IHC ni nyepesi na ndiyo huonekana zaidi kwenye skuta za kuanzia zilizokwisha kuunganishwa. HIC hutumia usukani wenye bomba pana na bushi ndani yake. SCS ni nzito zaidi na imara zaidi, hupendwa na wanaoruka ngazi na kuserereka juu ya reli za mitaani. Mfumo wowote kati ya hiyo unafaa kuanzia. Ule usiofaa ni wa foki yenye nati ya kusokota kama ya baiskeli za zamani, ambao bado uko kwenye skuta za bei ya chini zinazouzwa kwa jina la manjonjo. Nati hiyo hulegea kwa mtikisiko, na mtikisiko ndio kazi yenyewe. Herufi hizo zina umuhimu mkubwa siku ya kununua kipuri, kwa sababu usukani wa mfumo mmoja mara nyingi hauingii kwenye foki ya mfumo mwingine, na mtu hujikuta na vipande viwili vya gharama visivyokubaliana.

Kuna jaribio moja linalozidi maelezo yote. Inua skuta sentimita chache kutoka sakafuni, uiachie idondoke kwa magurudumu yote mawili. Skuta iliyofungwa vizuri hutoa mlio mmoja mfupi, mzito. Iliyolegea hugonga mara mbili tatu na kuacha mchakacho. Kisha bana gurudumu la mbele kati ya magoti, shika usukani, jaribu kuupinda kulia na kushoto. Usukani usisogee bila gurudumu. Ukisogea, tazama klampu inayoushika: yenye bolti moja haitoshi kwa kazi hii, mbili ni za kuanzia, tatu au nne ni bora zaidi. Muuzaji anayekataa jaribio hili amekwisha kukujibu.

Baada ya shingo ni metali. Ubao wa skuta nzuri huwa wa alumini ya jamii ya 6000, na mara nyingi utaona imeandikwa 6061 T6. Hizo T na 6 zina uzito wake: zinaeleza kwamba alumini imepashwa joto, ikapozwa na kukomazwa kwa utaratibu maalumu unaoipa nguvu. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ni jambo linalogusa mafundi wetu moja kwa moja. Alumini iliyokomazwa hivyo ikichomelewa tena, joto la kuchomelea huilainisha kandokando ya kiungo, na sehemu hiyo hupoteza nguvu nyingi mpaka ikomazwe upya kiwandani. Fundi hodari wa gereji anayerekebisha chesisi za lori kwa ustadi mkubwa anaweza kuuunga ubao uliopasuka shingoni, kiungo kikaonekana safi na imara, kumbe pembeni yake metali imekuwa teketeke. Alumini pia ina tabia ya kuchoka: kila kishindo huacha alama ndogo isiyoonekana, na alama hizo hujumlishana hadi siku ufa unapojitokeza. Chuma cha usukani, hasa kile chenye kromu na molibdenamu kinachojulikana kwa namba 4130, huvumilia zaidi, na mara nyingi hupinda kabla ya kukatika, kwa hiyo humpa mpandaji onyo. Ndiyo maana kwa mtoto anayeanza naona usukani wa chuma unafaa kuliko wa alumini, ingawa unaongeza gramu kadhaa. Titani ni nyepesi na ngumu, lakini bei yake ni ya watu ambao tayari wanajua wanachokitafuta. Na ubao uliopasuka pale unapokutana na shingo hauungwi. Huo umekwisha kazi yake.

Magurudumu hayana mengi. Kitovu kiwe cha alumini, si cha plastiki, na juu yake poliurethani ngumu. Kipenyo cha milimita 110 kinatosha kwa kuanzia. Wanaokwenda kasi au kuruka kutoka juu zaidi huchukua 120. Matangazo ya beringi za magurudumu ndiyo yenye kelele zaidi na manufaa madogo zaidi. Namba za ABEC zinazochapwa kwa maandishi makubwa hupima usahihi wa vipimo kwa mashine zinazozunguka kwa kasi kubwa na mzigo tulivu. Hazipimi uwezo wa kuvumilia kishindo wala vumbi. Kinachofaa kujua ni kwamba beringi za skuta nyingi ni za saizi ya 608, zile zile zinazotumika kwenye skeitibodi na kwenye mota ndogo ndogo, kwa hiyo hupatikana hata kwenye maduka ya vipuri vya mashine. Kwa miji yetu yenye vumbi, kuweza kuzibadilisha kwa urahisi ni bora kuliko namba yoyote iliyochapwa. Na ieleweke kwamba magurudumu haya madogo na magumu hayapandi barabara ya changarawe. Kokoto moja hulisimamisha gurudumu, na mpandaji akaendelea peke yake. Mtoto anayetaka chombo cha kwendea shule kwenye njia ya vumbi anahitaji skuta nyingine kabisa, yenye magurudumu makubwa.

Sasa niyajibu mapingamizi, nikianza na lile la wazazi wengi: mtoto anakua haraka, basi anunuliwe kubwa ili imfae miaka mitatu. Ni busara ya sare ya shule, na kwa sare inafaa. Kwa skuta inageuka madhara. Mpandaji akisimama juu ya ubao, mishikio ya usukani inapaswa kuwa usawa wa kiuno chake, juu au chini kidogo kulingana na apendavyo, na upana wake ukaribiane na mabega. Usukani ukifika kifuani, mtoto hawezi kuuvuta ili ainue skuta, kwa sababu mikono yake tayari imekunjwa. Na akianguka mbele, ncha ya usukani inamkuta shingoni au usoni. Nauchukulia kwa uzito wasiwasi wa mzazi kuhusu gharama, na kuna njia ya kuupunguza. Sehemu inayopaswa kubadilika mtoto anapokua ni usukani hasa. Ubao, foki na magurudumu vinaweza kubaki. Usukani mrefu kidogo unaweza kukatwa upande wa chini, mradi ukatwe wima kabisa, maana ukikatwa upogo haukalii vizuri na shingo haitabanika tena. Ndiyo maana inalipa kununua skuta yenye vipimo vinavyotumiwa na makampuni mengi kuliko ile yenye vipuri vya peke yake ambavyo havipatikani popote.

Pingamizi la pili hutoka kwa vijana wenyewe. Wanamtazama Ryan Williams wa Australia, aliyejulikana duniani kwa kupindua skuta hewani akiwa na kundi la Nitro Circus na baadaye akachukua dhahabu ya X Games kwa baiskeli za BMX, wanataka skuta nyepesi kama ya bingwa. Wana hoja. Skuta ya kilo tatu na nusu kwa mtoto wa kilo 30 ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na kuinua uzito huo mara mia kwa mchana mmoja huchosha. Lakini wepesi hupatikana kwa njia mbili. Unaweza kupunguza ukubwa: ubao mfupi na mwembamba, usukani mfupi, magurudumu ya 100 au 110. Au unaweza kupunguza unene wa kuta za metali na kununua titani. Njia ya kwanza humfaa mtoto kwa kila hali, kwani chombo kidogo pia huzunguka upesi. Njia ya pili imetengenezwa kwa anayetua katikati ya ubao karibu kila mara. Anayeanza hutua kwenye mkia, hutua kwa pembe, huiacha skuta ianguke peke yake kutoka juu ya rampu. Hayo ndiyo matumizi yake halisi kwa mwaka wa kwanza, na kuta nyembamba hazikupangiwa hayo. Vivyo hivyo kwa ubao mpana, wa inchi tano na nusu au sita, unaopendwa na wanaopanda mitaani: upana huo unawasaidia kuserereka kwenye reli na kingo za saruji, ila kwa mtoto aliyeko kwenye rampu ni uzito wa bure.

La tatu husemwa kwa sauti ya hekima: tuanze na ya bei rahisi, tuone kama ataendelea. Naielewa tahadhari hiyo, na kwa vitu vingi ningeikubali. Hapa inajipinga yenyewe, kwa sababu kipimo kimeharibiwa kabla ya mtihani. Skuta inayocheza shingoni haizunguki sawasawa. Mtoto atajaribu teiluwipi ile ile kwa wiki nzima, ubao usifike, na atahitimisha kwamba yeye ndiye asiyeweza. Mzazi ataona skuta imetupwa uani na kusema nilijua. Hakuna aliyejifunza lolote kuhusu hamu ya mtoto. Wamejifunza tu kwamba shingo hulegea. Simwambii mtu anunue skuta ya dola 600. Skuta za kuanzia za makampuni ya mchezo huu, zilizokwisha kuunganishwa, huuzwa ng'ambo kwa kati ya dola 100 na 200 hivi, na kupita hapo mwanzoni hakuongezi usalama kwa kiasi kinacholingana na fedha. Kwa familia nyingi bado ni fedha kubwa, na kama haipo, jibu la kweli ni kwamba skuta ya kukunja ibaki kuwa ya kusukuma barabarani, na mtoto aambiwe hivyo waziwazi. Kumpa skuta ya safari huku unajua ataruka nayo ni kuweka akiba mahali ambapo daktari ndiye atakayeichukua.

Wapo wanaosema kwamba mchezo wenyewe ni wa hatari na haupaswi kuhimizwa. Hatari ipo, na takwimu zimekuwapo tangu mwanzo. Mwaka 2000, Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani kilikadiria kwamba kati ya Januari na Oktoba watu 27,600 hivi walitibiwa kwenye vyumba vya dharura kwa majeraha ya skuta za kusukuma, na asilimia 85 kati yao walikuwa chini ya miaka 15. Mifupa iliyovunjika na viungo vilivyoteguka ndivyo vilivyoongoza, na mikono ndiyo iliyoumia zaidi, ikifuatiwa na kichwa na uso. Takwimu hizo hazielezi ni wangapi walikuwa wakifanya manjonjo wala ni skuta ngapi zilizovunjika, kwa hiyo sizitumii kudai kwamba skuta nzuri ingewaokoa wote. Ninachokisoma humo ni mahali mwili unapoumia. Kofia ngumu na kinga za viganja na viwiko vinapaswa kuhesabiwa ndani ya bei ya skuta, si pembeni yake. Fedha zikiwa hazitoshi vyote viwili, skuta ishuke daraja moja na kofia ibaki. Iwe na alama ya EN 1078, au ile ya ASTM F1492 iliyowekwa kwa ajili ya skeitibodi, na ikae sawa kichwani bila kuyumba. Kuhusu kukataza, watoto waliokatazwa rampu hawaachi kuruka. Huhamia kwenye ngazi za majengo na kingo za barabara, palipo na magari na pasipo na mtu mzima. Viwanja kama cha Kitintale jijini Kampala, kilichojengwa mwaka 2006, na cha Shangilia huko Kangemi, Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 2013, vilianza kwa ajili ya skeitibodi, lakini saruji laini yenye mteremko ndiyo hiyo hiyo inayohitajiwa na skuta. Miji yetu ingekuwa na viwanja vingi zaidi vya namna hiyo, mabishano kuhusu hatari yangekuwa mafupi.

Limebaki suala la skuta iliyokwisha kutumika, ambayo kwa wasomaji wengi ndiyo njia halisi ya kuipata, ama sokoni ama kwa ndugu aliyeko Ulaya au Ghuba anayetuma mzigo. Siipingi hata kidogo. Skuta ya manjonjo iliyotumiwa mwaka mmoja na kutunzwa ni bora kuliko mpya ya kuchezea. Mikwaruzo chini ya ubao si ugonjwa. Ni alama za reli. Magurudumu yaliyolika hubadilishwa, beringi hubadilishwa, karatasi ya msasa iliyo juu ya ubao hubanduliwa na kubandikwa mpya. Ila ifutwe tope na mafuta kwanza, kisha itazamwe kwenye mwanga mkali pale ubao unapoungana na shingo, na chini ya kiungo cha usukani. Mstari mwembamba mweusi usiofutika kwa kitambaa ni ufa. Rangi mpya iliyopakwa hapo tu, huku kwingine kukiwa kumechakaa, iulizwe sababu. Na ikiwa ndugu anatuma kutoka mbali, aombwe picha ya viungo hivyo viwili kabla hajalipa, pamoja na jina la mfumo wa kubana shingo, ili vipuri vitakavyohitajika mwakani viagizwe bila kubahatisha.